Kumwandika Bibi: kuandaa wasifu wa mama wa familia, kuanzia siku ya mazishi hadi arobaini

Wasifu mwingi unaosomwa misibani huku Mtwara na Lindi unafanana. Ondoa jina la marehemu, weka la mwingine, na hakuna atakayeshtuka: alizaliwa, akaolewa, akajaaliwa watoto, alikuwa mcha Mungu, mkarimu, mpenda watu, aliugua kwa muda mfupi, akatutoka. Hakuna uongo ndani yake. Lakini mwanamke aliyeishi miaka 75, akalima, akazaa, akazika, akalea wajukuu ambao mama zao walikuwa Dar es Salaam wakihangaikia riziki, anastahili ukurasa usioweza kusomwa mbele ya jeneza la mtu mwingine yeyote. Mwongozo huu ni wa yule ambaye familia imemtazama na kusema, "Wewe umesoma, tuandikie."

Andika mara mbili

Kosa la kwanza ni kutaka kumaliza yote usiku uleule wa msiba. Kwa Waislamu maziko huwa siku hiyohiyo au kesho yake. Kwa Wakristo huenda watoto walioko mbali wakangojwa siku mbili tatu. Kwa vyovyote vile, hakuna muda wa kuuliza, na watu hawana hali ya kujibu. Kwa hiyo gawa kazi: wasifu mfupi wa siku ya mazishi, na kijitabu cha arobaini, hitma, au ibada ya kumbukumbu. Kama familia yenu haishiki arobaini, chagueni siku nyingine, lakini itajeni mapema. Kazi isiyo na siku haiishi.

Wasifu wa mazishini usizidi maneno 400. Ukisomwa kwa mwendo wa msibani, hayo ni dakika nne hadi tano, na jua likiwa kali hakuna anayesikiliza zaidi. Weka majina yake yote, mahali na mwaka wa kuzaliwa, wazazi wake, ndoa, watoto wote, kazi ya mikono yake, ugonjwa kwa sentensi moja, na idadi ya aliowaacha. Basi. Madeni hutangazwa na msemaji wa familia. Habari za nani aliuguza na nani hakuonekana hazina nafasi hapo, hata kama mwenye kuzidai analia.

Chapisha kwa herufi za ukubwa wa 14, mistari iachane, kwa sababu chini ya turubai mwanga ni hafifu na msomaji ana machozi. Toa nakala mbili, uwe na wasomaji wawili. Wa akiba asimame karibu. Mara nyingi msomaji hukatikia kwenye majina ya watoto waliotangulia mbele ya haki, na hapo asiwepo mtu wa kupekua karatasi akitafuta mstari ulipoishia. Mtoto wa marehemu asipewe kazi ya kusoma kwanza. Mpe mkwe, binamu au mjukuu mkubwa.

Majina

Bibi mmoja anaweza kuwa na majina manne au matano, na kila jina lina watu wake. Kuna jina alilozaliwa nalo, mara nyingi la mzee wa ukoo. Kuna jina alilotoka nalo unyagoni. Kuna la dini, kuna la kwenye kitambulisho, kuna "Mama Fulani" kwa mtoto wa kwanza. Huko Newala wanamjua kwa moja, Mtwara mjini kwa jingine. Ukitangaza la kitambulisho peke yake, watu wa kijijini alikokulia watasikia tangazo wasijue aliyekufa ni wao. Anza na la kitambulisho, kisha "aliyejulikana pia kwa", na uyataje mengine kwa mpangilio wa maisha yake.

Kabla ya kuandika jina la utani, muulize dada yake au shoga yake wa karibu. Yapo majina aliyobandikwa ukweni ambayo aliyavumilia tu.

Mwaka wa kuzaliwa

Hapa ndipo wengi hunakili kitambulisho wakaendelea. Tarehe ya kwenye kitambulisho cha mtu aliyezaliwa kijijini kabla ya Uhuru mara nyingi ni ya kukadiria, na mwenyewe aliijua hivyo. Tafuta ushahidi.

Anza na karatasi. Kama alibatizwa utotoni, kitabu cha ubatizo cha parokia ndicho shahidi bora. Kanda hii ina misheni za zamani: Waanglikana walifika Masasi mwaka 1876, na Wabenedikti wako Ndanda tangu 1906. Nenda na jina la baba yake, la mama yake, na la msimamizi wake wa ubatizo kama linajulikana. Jina lake la ubatizo peke yake utalikuta mara nyingi kwenye kitabu kimoja, kila moja ni mtu mwingine. Usipuuze pia kadi za kliniki za watoto wake, kadi ya TANU au ya CCM, na cheti cha kisomo cha watu wazima cha miaka ya 1970. Karatasi hizi hukaa chini ya nguo ndani ya sanduku, zimefungwa kwenye leso.

Pasipo karatasi, tumia matukio. Usimuulize mzee, "Alizaliwa mwaka gani?" Atakutajia mwaka kwa heshima, ili usiondoke bure. Muulize tukio kwanza, halafu mwili wake: wakati huo alikuwa akibebwa mgongoni, alikuwa anaamia ndege shambani, alikuwa ametoka unyagoni, au alikuwa na mtoto? Mzee husahau tarakimu, lakini hasahau kama dada yake alikuwa mgongoni siku paa lilipong'olewa na upepo.

Matukio ya kushikilia huku kwetu ni mengi. Mradi wa karanga wa Nachingwea wakati wa Waingereza, 1947 hadi 1951. Kimbunga kilichoipiga Lindi Aprili 1952. Bandari mpya ya Mtwara, 1954. Uhuru, Desemba 1961, na reli ya Mtwara na Nachingwea kung'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Vita vya ukombozi ng'ambo ya Ruvuma, kuanzia Septemba 1964 hadi Msumbiji ilipopata uhuru Juni 1975. Kwa familia zilizovuka mto, hiki ndicho kigezo kikuu. Kuhamia vijijini, 1973 hadi 1976. Vita vya Kagera, 1978 na 1979, na shida ya sabuni na sukari iliyofuata. Mvua za El Nino, 1997 kuingia 1998. Daraja la Mkapa kwenye Rufiji, 2003. Kabla yake safari ya Dar es Salaam ilipitia kwenye kivuko, na kila mtu anakumbuka alilala wapi.

Kwa Waislamu kuna kipimo kingine kizuri. Wazee hukumbuka mwezi na msimu pamoja: "Alizaliwa Ramadhani, mtama unavunwa." Ramadhani hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka wa kawaida, na huchukua miaka kama 33 kuzunguka misimu yote. Mtama huku huvunwa katikati ya mwaka. Ramadhani ya 1949 ilianza mwishoni mwa Juni ikaishia mwishoni mwa Julai, na miaka jirani yake ilikuwa karibu na hapo. Zunguko moja nyuma ni miaka ya 1916 hivi, moja mbele ni 1982 hivi. Bibi aliyefariki juzi akiwa na vitukuu hawezi kuwa wa 1982, na akiwa wa 1916 angekuwa amepita miaka mia. Basi ni 1948 hadi 1950. Ukiongeza kauli ya mtu mwingine kwamba kwenye kimbunga cha 1952 "alikuwa anakimbia mwenyewe lakini hajui kuogopa", umeshafika.

Chora safu tatu kwenye daftari: mwaka, umri wake, tukio. Jaza kila unalosikia. Makosa hujionyesha yenyewe: mtoto wa kwanza mwaka 1960 kwa mama wa 1950 haiwezekani, kwa hiyo mojawapo imekosewa. Mwishoni andika "mwaka 1949 hivi". Neno hilo "hivi" ni la kweli kuliko tarehe kamili usiyokuwa nayo.

Angalia pia majina ya mahali. Mkoa wa Lindi ulimegwa kutoka Mtwara mwaka 1971, na kabla ya mikoa ilikuwa Jimbo la Kusini. Ruangwa na Tandahimba zimekuwa wilaya katika miaka ya 1990 tu. Nanyumbu ilitoka Masasi baadaye zaidi. Ukiandika "alizaliwa Wilaya ya Ruangwa mwaka 1949", umempeleka mahali ambapo hapakuwapo kwa jina hilo. Andika kijiji, kisha "sasa Wilaya ya Ruangwa". Na kama kijiji chenyewe kilihamishwa wakati wa vijiji, taja mahame yake kwa jina, maana huko ndiko kitovu chake kilikozikwa.

Kuwahoji waliomjua

Usihoji siku tatu za kwanza. Siku hizo kaa, sikiliza, na kwa siri andika majina ya waliotaja jambo. Halafu panga watu sita hadi wanane kwa umri na afya: mkongwe na mgonjwa kwanza, hata kama ndiye anayekaa mbali. Watoto wa marehemu wawe wa mwisho. Wao wanamjua mama, hawamjui msichana.

Wanaomjua msichana ni walioingia naye unyago mmoja, wadogo zake, mke mwenza kama yupo, na jirani wa shamba. Nenda na mwanamke kuwahoji wanawake, nenda na mjukuu inapofaa. Kwa utani wa bibi na mjukuu, mjukuu anauliza kwa kucheka jambo ambalo mtoto wa kiume hathubutu kulitamka mbele ya mama zake wadogo, na mkwe hata kulifikiria hawezi. Shikamoo kwanza, pole ya msiba, kilo ya sukari na majani ya chai mkononi, na habari za mvua kabla ya swali lolote.

Simu ya kawaida inatosha kurekodi. Weka kwenye hali ya ndege, la sivyo mtu atapiga katikati ya jambo kubwa na rekodi itakatika. Iwe imechajiwa zaidi ya nusu. Ilaze juu ya khanga iliyokunjwa, kama sentimita 30 kutoka kwa msemaji, kipaza sauti kikimwelekea. Kuiweka mezani moja kwa moja huleta mshindo kila kikombe kikitua. Ukanda wa pwani una upepo wa mchana. Kaa upande wa nyumba usiopigwa na upepo, au nenda asubuhi. Mvua ikigonga bati, acha, hutasikia kitu. Rekodi dakika moja ya majaribio, isikilize, ndipo uanze. Omba ruhusa kwanza, na ruhusa hiyo iwemo kwenye rekodi.

Usimkalishe mzee kitini na kumtazama usoni. Mikono ikiwa na kazi, mdomo hufunguka. Ila chagua kazi isiyo na kelele: kusuka ukili, kuchambua mboga, kumenya mihogo. Kubangua korosho kunapendeza macho, lakini kila pigo litafunika neno.

Maswali ya "alikuwaje?" huzaa "alikuwa mtu mzuri sana". Uliza vitu. Akiamka, alianza na nini? Shamba lake la kwanza alipewa na nani? Mlipovuka mto, kichwani kwake kulikuwa na nini? Watu walimfuata kwa shida gani? Alikuwa anakataa nini? Hilo la mwisho hufungua mengi kuliko yote. Kisha nyamaza. Hesabu hadi kumi kimoyomoyo kabla ya kuuliza jingine. Maneno mazito huja baada ya kimya. Dakika 40 zinatosha kwa mzee, rudi siku nyingine. Akiingia kwenye Kimakonde, Kimwera, Kimakua au Kiyao, usimrudishe kwenye Kiswahili. Chukua maneno kama yalivyo, tafsiri utaulizia baadaye, na kwenye kijitabu weka yote mawili.

Saa moja ya mazungumzo huchukua saa nne au zaidi kuandika neno kwa neno. Usifanye hivyo kwa zote. Sikiliza jioni ileile, andika dakika na jambo ("dakika 12, habari ya mtungi uliovunjika"), nakili yale utakayotumia tu. Faili ipe jina la msemaji, kijiji na tarehe, na iweke mahali pawili.

Kuna watani pia. Watani wakija msibani humwigiza marehemu: mwendo wake, alivyokuwa akiita kuku, alivyokuwa akikemea. Watu hucheka huku wanalia. Yale maigizo ni hazina, kwa sababu mtani huchukua kile ambacho wote walikiona. Andika walichoigiza. Ila usikiingize kwenye wasifu kama habari mpaka mtu wa nyumbani athibitishe, maana mtani ana ruhusa ya kuongeza chumvi na wewe huna.

Mume wake mwache hadi wiki ya pili au ya tatu. Wazee wengi wa huku hawakuwahi kumtaja mke kwa jina mbele za watu. Alikuwa "mama watoto" miaka yote. Ukimuuliza, "Babu, ulimpendaje?" umemfunga. Mwombe akutembeze shambani asubuhi, kabla jua halijapanda. Apite mkorosho kwa mkorosho akuambie upi walipanda pamoja, upi alipanda Bibi peke yake yeye akiwa safarini, upi ulikatwa na kwa nini. Hesabu miti. Piga picha shina ambalo mkono wake utaegemea. Mwanamume ambaye ukumbini alitoa maneno matatu, shambani atakueleza ndoa nzima.

Watoto na koo

Hakuna kinacholeta ugomvi kama orodha ya watoto. Hesabu mimba zote zilizozaa mtoto aliyepewa jina, pamoja na waliofariki wachanga, wa ndoa ya kwanza, na aliyebaki Msumbiji kwa ndugu. Andika "alijaaliwa watoto 9, walio hai ni 6", kisha majina yote kwa mpangilio wa kuzaliwa. Aliyelelewa kama mtoto naye aandikwe, kwa neno "alimlea". Wajukuu na vitukuu toa idadi, na iwe imehesabiwa kwa kalamu, nyumba baada ya nyumba.

Wamakonde, Wamwera, Wamakua na Wayao kwa jadi huhesabu ukoo kwa mama. Hii ina maana upande wa Bibi mwenyewe, yaani kaka zake ambao ni wajomba wa watoto, una sauti kubwa kwenye habari zake kuliko wengi waliosoma mjini wanavyodhani. Rasimu isipopita kwa mjomba, tegemea kusikia siku ya hitma kwamba mmemwandika mtu msiyemjua.

Ondoa sifa, weka tendo

Hili ndilo tungependa lizingatiwe kuliko yote. Kila unapoandika sifa, jiulize maswali manne: lini, wapi, kiasi gani, nani alishuhudia. Majibu yakipatikana, andika majibu na ufute sifa. Yasipopatikana, futa sifa vilevile.

Chukua "alikuwa mchapakazi". Juu ya uwanda wa Wamakonde hakuna mito. Kwa miaka mingi wanawake walishuka mabondeni kuchota maji na kupanda nayo. Muulize mdogo wake: walishuka mara ngapi kwa siku, kwa chombo gani, kwa miaka mingapi? Debe lina maji ya lita 18 hivi, yaani kilo 18 kichwani, kwenye mlima. Safari mbili kwa siku kwa miaka 25 ni safari 18,250. Sasa wasifu unasomeka hivi:

"Tangu alipoolewa hadi bomba lilipofika kijijini, alishuka bondeni mara mbili kwa siku, ya kwanza kabla ya alfajiri, na kurudi na debe kichwani na mtoto mgongoni. Debe la pili halikuwa la nyumba yake. Lilikuwa la mama mkwe wake, aliyekuwa haoni. Mdogo wake, aliyekuwa akishuka naye, anasema hakumwona hata siku moja akilitua njiani."

Hakuna "mchapakazi" humo, wala "mwenye upendo", na yote mawili yamesikika. Hesabu kama hiyo iandike tu ikiwa shahidi amekutajia idadi mwenyewe. Ukikisia wewe, unampa Bibi mzigo ambao hakuubeba.

Ukali wake usiufiche. Kama hakuna aliyekula kwake bila kuchota maji kwanza, andika. Kama alimrudisha binti yake kwa mumewe kisha akajuta na kwenda kumchukua kwa miguu, na binti mwenyewe amekubali litajwe, andika. Wajukuu watamtambua humo. Kazi zake nazo ziitwe kwa majina yake: kuokota korosho, kupuliza salfa, kupura ufuta, kuchimba ming'oko kiangazi, kufinyanga, kutanda uduvi kama alikuwa wa pwani, kuzalisha wenzake. "Mkulima na mama wa nyumbani" ni maneno ya kwenye fomu.

Unyago una mpaka wake. Kama alikuwa somo (mlezi wa mwali) au nyakanga (kiongozi wa unyago), liandikwe hilo, na wasichana wangapi walipita mikononi mwake, kwa sababu hicho kilikuwa cheo. Nyimbo na mafunzo ya ndani visiandikwe wala kurekodiwa. Hata anayekuhadithia akisahau, wewe kumbuka, zima simu.

Picha

Nyumbani kwingi picha pekee ya ujana wake iko kwenye fremu ukutani, na kwa joto na unyevu wa pwani imeshagandana na kioo. Usiibandue. Itang'oka uso ukabaki kwenye kioo. Ipige picha ikiwa humohumo: iweke karibu na dirisha lisilopigwa na jua la moja kwa moja, zima taa ya simu, simama pembeni kidogo hadi mng'ao uondoke, tandika khanga nyeusi nyuma yako ili kioo kisikuonyeshe. Zilizo huru zipeleke kuskaniwa kwa dpi 300. Ndogo za pasipoti kwa 600, vinginevyo zikikuzwa zitakuwa vumbi. Nyuma ya picha andika kwa penseli laini nani, wapi, lini. Kalamu ya wino hupenya usoni. Zihifadhi kwenye bahasha za karatasi, juu, mbali na mchwa. Mfuko wa plastiki hutoa jasho.

Sasa jambo linalouma. Ukipeleka picha ya Bibi kutengenezewa bango, fundi "ataisafisha". Programu hizo hulainisha ngozi kwa kidole kimoja, na Bibi wa Kimakonde mwenye nembo usoni anarudi akiwa na uso wa msichana wa kwenye tangazo la sabuni. Mistari ile ilichanjwa kwa uchungu, na mkono uliochanja ulikuwa na jina. Pamoja na kitundu cha ndonya, lile pambo la kuvaa kwenye mdomo wa juu, ndiyo iliyomtambulisha kwa wenzake kabla ya kitambulisho chochote. Wenye nembo wanazidi kuwa wachache, na nyuso zao haziwezi kupatikana tena. Mwambie fundi kabla hajaanza: mwanga rekebisha, mikunjo na nembo usiguse. Baki pale hadi amalize. Kama Bibi wa jirani mwenye nembo yuko hai na anaridhia, mpige picha leo, mwanga ukitoka ubavuni, ndipo mistari inaonekana.

Khanga na chungu

Kabla nguo hazijagawanywa, tandaza kila doti juu ya mkeka kivulini na upige picha maneno yake yakisomeka. Andika chini: alinunua mwenyewe, alipewa na nani, sare ya harusi ya nani, msiba wa nani. Doti kumi na mbili zilizofuatana hivyo zinaeleza miaka 30 ya mtu. Andika pia nani amepewa ipi. Zikishagawanywa, hakuna atakayeweza kuzikusanya.

Mapishi yake usiyaandike kwa kusimuliwa. Aliyekuwa akipika naye apike, na mwingine akae na mizani na daftari, apime kila kitu kabla hakijaingia chunguni. "Chumvi kiasi" ya binti yake ipo kwenye kiganja. Mwache amimine kwenye kisahani kwanza, pima, ndipo atie. Pima na kikombe chake mwenyewe kinachukua mililita ngapi, kwa sababu ndicho kipimo chake cha kila kitu.

Kijitabu

Karatasi ya A4 ikikunjwa mara moja hutoa kurasa nne za A5, kwa hiyo idadi ya kurasa iwe 8, 12 au 16. Kurasa 12 hubeba maneno kama 2,000 na picha sita. Ndani gramu 80, jalada gramu 160 au zaidi, pini mbili kwenye mkunjo. Hesabu nakala kwa nyumba, usihesabu kwa vichwa, kisha ongeza tano.

Hesabu siku kwa kurudi nyuma kutoka arobaini. Siku ya 4 hadi ya 20 ni za kuhoji. Hadi ya 28 uwe umeandika. Siku ya 29 hadi ya 32 rasimu isomwe kwa sauti mbele ya watu watatu: mtu wa upande wake, mtu wa upande wa mumewe, na mzee asiyejua kusoma. Huyu wa tatu ndiye mkaguzi bora. Anasikia neno la uongo kabla ya aliyeshika karatasi. Siku ya 33 peleka dukani, toa nakala moja kwanza uikague majina, hasa yenye ng' na mw, ndipo zitoke zote. Acha siku tano za akiba, umeme hukatika.

Ukurasa wa mwisho uache mtupu, wenye mistari. Nakala moja ibaki kwenye nyumba ya kijijini, imetobolewa tundu pembeni, penseli imefungwa kwa uzi. Watakaokuja kutoa pole miezi ijayo, wale waliokuwa mbali, watasoma au kusomewa, watasema "hapana, mto tulivuka usiku", na mtu aliye karibu aandike hapohapo pamoja na jina la aliyesema. Mwaka ukitimia, chukueni nakala hiyo, sahihisheni, mchapishe tena.